Kinga ya Sita: Maana na Asili ya Mkao wa Kujilinda katika Mchezo wa Vitara

Mchezo wa vitara, yaani mashindano ya kupigana kwa panga nyembamba zisizo na makali, ambayo yamekuwamo katika kila Michezo ya Olimpiki ya kisasa tangu ile ya Athens ya mwaka 1896, huanza kwa amri ya Kifaransa ya "angadi", inayomtaka kila mchezaji ajiweke katika kinga. Wachezaji wawili wanaotazamana husimama nyuma ya mistari yao, hukunja magoti na kuelekeza ncha za panga zao mbele, na katika aina mbili kati ya tatu za mchezo huo hujiweka katika mkao mmoja ambao shule nyingi za vitara duniani huufundisha tangu siku ya kwanza. Mkao huo huitwa kinga ya sita, au siksti, jina ambalo Wafaransa walilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya "ya sita". Mwanafunzi makini hana budi kuuliza kwa nini mambo yaanzie sita na zile kinga tano zilizotangulia ziko wapi, na jibu la swali lake limo katika historia ya zaidi ya miaka 400, historia ya ala ya upanga, ya mgeuzo wa kiganja, na ya mkono wa kushoto ulioachwa mtupu baada ya kushika ngao kwa karne nyingi.

Inafaa kwanza mkao wenyewe uelezwe. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kulia hutangulia, vidole vyake vikimwelekea mpinzani, na mguu wa kushoto hukaa nyuma ukiwa umegeuzwa pembeni kwa pembe mraba, visigino vyote viwili vikiwa katika mstari mmoja, ili kiwiliwili kikae kiubavu na kifua chote kisiachwe wazi. Kiwiko cha mkono wenye silaha hukaa mbele ya mbavu kwa umbali wa karibu shubiri moja, kitanga cha mkono huwa katika kimo cha kifua, kiganja kimegeuzwa kiasi kuelekea juu, kidole gumba kimelala juu ya mpini, na ncha ya upanga huinuka kidogo kuliko mkono ikilenga mahali fulani kati ya bega na uso wa mpinzani. Upanga husogezwa kulia kidogo tu, kiasi ambacho pigo la kunyooka linalokuja kwa juu upande wa kulia haliwezi kupita bila kugongana nao. Hapo ndipo walimu husema kwamba mstari umefungwa, wakimaanisha kuwa njia hiyo moja ya kuufikia mwili imezibwa na chuma kabla mpinzani hajaanza kushambulia, ingawa njia nyingine zimebaki wazi na mchezaji anajua kuwa ziko wazi.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa sababu hakuna kinga yoyote ya upanga inayoulinda mwili mzima kwa wakati mmoja. Walimu wa vitara huugawa mwili unaolengwa katika robo nne kwa kuufanya mkono wenye silaha kuwa kitovu: kuna juu na chini ya mkono, na kuna upande wa nje, ambao kwa mtu wa mkono wa kulia ni kulia kwake, na upande wa ndani, ambao ni kule kifua kinakoelekea. Kila robo inaweza kuzibwa kwa njia mbili, moja kiganja kikitazama juu na nyingine kiganja kikitazama chini, na kwa hesabu hiyo hupatikana kinga nane. Kinga ya sita na ya tatu hulinda juu upande wa nje, ya sita kwa kiganja kilichoelekea juu na ya tatu kwa kiganja kilichoelekea chini. Ya nane na ya pili hulinda chini upande wa nje kwa utaratibu uleule. Ya nne hulinda juu upande wa ndani na ya saba chini upande wa ndani, zote mbili kiganja kikiwa juu. Na ya kwanza na ya tano hulinda upande wa ndani kiganja kikiwa chini, ingawa shule mbalimbali hazikubaliani mahali hasa pa kuziweka hizo mbili. Wafaransa huziita primu, segondi, tiersi, karti, kenti, siksti, septimu na oktavu, majina ambayo yote ni namba tupu.

Neno kinga lina kazi mbili katika mchezo huu, na mtu asipozitenganisha atapotea mapema. Kuna kinga kama mkao, ambao mchezaji hukaa nao akisubiri au akijiandaa, na kuna kinga kama tendo, pale upanga unapotoka katika mkao mmoja na kuingia katika mwingine ili kulisukuma pembeni pigo linalokuja. Tendo hilo Kiswahili kinalo neno lake hai, nalo ni kupangua, ambalo kila mtangazaji wa mpira hulitumia kipa anapoutoa nje mkwaju kwa ncha za vidole. Mchezaji aliye katika kinga ya sita akishambuliwa kifuani upande wa kushoto hupangua kwa kinga ya nne, maana yake husafirisha mkono wake kwa upana wa kiganja kimoja hivi kwenda kushoto, bila kuuinua wala kuushusha, na kusimama pale ambapo mkao wa nne ungemtaka awe. Mkao ndio mahali, na kupangua ndiyo safari ya kufika hapo.

Namba hazikuwapo tangu mwanzo. Walimu wa kale wa upanga barani Ulaya waliipa mikao yao majina ya vitu vilivyowazunguka, na baadhi ya majina hayo yangeeleweka bila mkalimani kwa mkulima wa Tarime au Musoma. Katika mapokeo ya Kijerumani yanayohusishwa na mwalimu Johannes Liechtenauer wa karne ya 14, mikao mikuu ilikuwa minne: wa kwanza uliitwa ng'ombe dume, kwa kuwa upanga ulishikwa kando ya kichwa na ncha ikatokeza mbele mithili ya pembe, wa pili uliitwa plau, kwa kuwa mpini ulikaa nyongani na upanga ukapanda kwa mshazari, wa tatu uliitwa mjinga, ambao ncha yake ilishushwa ardhini ili kichwa kionekane wazi na adui ashawishike kupiga, na wa nne ulikuwa mkao wa juu, upanga ukiwa umeinuliwa tayari kushuka. Waitaliano nao walikuwa na meno ya nguruwe mwitu, lango la chuma na mkia mrefu, na mwaka 1536 Achille Marozzo wa Bologna alichapisha kitabu chenye orodha ndefu ya mikao ya namna hiyo, ambayo mwanafunzi alipaswa kuihifadhi yote kichwani. Majina hayo yalikuwa na ladha yake, lakini hayakumwonyesha mtu uhusiano wa mkao mmoja na mwingine, na ndiyo maana hayakudumu.

Kweli, kuhesabu mikao kwa namba kulijaribiwa mapema zaidi. Kitabu cha kale kuliko vyote vinavyojulikana vya upanga wa Ulaya, kilichoandikwa kwa Kilatini nchini Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 14 na kinachohifadhiwa sasa katika makumbusho ya silaha ya Leeds, Uingereza, kinataja kinga saba kwa namba, ya kwanza ikiwa ile ambayo upanga hufichwa chini ya kwapa la kushoto. Michoro yake inaonyesha kasisi akimfundisha mwanafunzi, na katika kurasa za mwisho mwanafunzi huyo ni mwanamke aitwaye Walpurgis. Hata hivyo, wapiganaji hao wote wana ngao ndogo ya duara katika mkono wa kushoto, na ngao hiyo ndiyo inayoulinda mkono wenye upanga. Namba za kitabu hicho zinataja mahali upanga unapoanzia safari yake. Kazi ya kuziba njia inabaki kwa ngao. Namba zinazotumika leo zilitoka kwingine.

Zilitoka kwa Camillo Agrippa, mzaliwa wa Milan aliyeishi Roma, ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi na usanifu wa majengo, na ambaye alijulikana pia kwa mtambo wa kupandisha maji hadi kilima cha Pincio. Mwaka 1553 alichapisha kitabu kuhusu elimu ya silaha, na ndani yake aliyatupa majina mengi ya walimu waliomtangulia akabakiza mikao minne mikuu, aliyoiita ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mtu wa fani ya vipimo alitazama mwili wa mpiganaji kwa jicho la mistari na pembe, na hoja yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye fimbo anaweza kuithibitisha. Upanga hukaa katika ala upande wa kushoto wa kiuno. Mkono wa kulia unapovuka mwili na kuuchomoa, kisha ncha ikaelekezwa kwa adui, mkono hujikuta umeinuka juu, kidole gumba kikitazama chini na kiganja kikitazama nje. Huo ndio mkao wa kwanza, na umeitwa wa kwanza kwa sababu ndio mkono unaoufikia kwanza baada ya chuma kutoka alani. Kutoka hapo mkono ukigeuzwa robo mzunguko, kiganja hutazama chini, na huo ni wa pili; robo nyingine, kidole gumba huja juu, na huo ni wa tatu; robo ya mwisho, kiganja hutazama juu, na huo ni wa nne. Kifundo cha mkono hakiwezi kuendelea zaidi ya hapo, kwa hiyo hesabu nayo ikakoma.

Kwa maneno mengine, namba za mwanzo zilikuwa rekodi ya mgeuzo mmoja wa mkono, kuanzia kuchomoa silaha hadi mwisho wa uwezo wa kifundo. Huu ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa sasa mwanafunzi aliyejua mkao mmoja aliweza kuupata unaofuata kwa kugeuza mkono tu. Walimu wa Italia waliofuata walijadiliana kwa muda mrefu ni ipi kati ya kinga nne iliyo bora. Ridolfo Capoferro, ambaye kitabu chake kilichapishwa Siena mwaka 1610, alishikilia kwamba ya tatu ndiyo kinga ya kweli, kwa kuwa ndiyo inayouweka mkono na chuma mbele ya mwili bila kuuchosha wala kuuacha wazi. Hukumu yake ilikuwa na busara, na mkao wa kuanzia wa leo, ingawa umebadilishwa namba, umekaa karibu sana na pale alipopataka.

Ili uzito wa mabadiliko hayo uonekane, ni lazima kutazama jinsi watu wengine walivyojilinda, na Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha. Mkoani Mara, katika nchi inayoanzia Musoma na Bunda na kupita Butiama na Buswahili kuelekea bonde la Mto Mara, kulikuwa na njia mbili kubwa za kujihami zilizoishi bega kwa bega. Wawindaji wa upande wa Serengeti, hasa Waikoma, Wanatta na Waisenye, walijulikana kwa upinde na mishale yenye sumu. Na kwa kuwa upinde huhitaji mikono yote miwili, mpiga mshale hana mkono wa kushika ngao, na kinga yake ni umbali, kichaka na ukimya. Watu wa mkuki, kwa upande mwingine, walishika ngao ya ngozi kwa mkono wa kushoto na mkuki kwa mkono wa kulia, kama walivyofanya jirani zao Wamaasai, ambao ngao yao ndefu ya ngozi ya nyati ilikuwa na ubao wa katikati na mshikio wa kushikia kwa nyuma. Mtu mwenye ngao ya namna hiyo hana haja ya kusimama kiubavu. Humkabili adui kwa mwili mzima, huusogeza mkono wa kushoto kulifuata pigo, na mkono wa kulia hubaki huru kwa kazi moja tu ya kushambulia. Kazi ya kuzuia na kazi ya kupiga zimegawanywa kwa mikono miwili, na kwa sababu hiyo mkuki hauhitaji kuhesabiwa mikao ya kinga.

Heshima ya ngao katika eneo hili haikuishia vitani. Neno lenyewe ni la kale katika lugha za Kibantu: Waganda husema engabo, na Wanyarwanda husema ingabo, neno ambalo kwao humaanisha ngao na pia jeshi. Bendera ya Kenya ya mwaka 1963 ina ngao katikati, na nembo ya taifa ya Tanzania imechorwa juu ya ngao inayoshikiliwa na mwanamume na mwanamke. Silaha ya kukinga ndiyo iliyochaguliwa kubeba alama za dola, na mkuki ukawekwa ndani yake au nyuma yake.

Pwani nako kulikuwa na upanga, na hapo mfano unakaribia zaidi ule wa Ulaya. Waswahili walitofautisha kitara, chenye chuma kilichopinda, na upanga wa felegi, ulio mrefu, ulionyooka na wenye makali pande zote mbili, ambao Waarabu wa Oman na Zanzibar waliuchukua mabegani na kuurusha hewani katika ngoma ya razha. Upanga mrefu wa Kiomani uliozoeleka katika karne ya 19 ulikuwa na mpini wa duara ulionyooka, usio na kikombe wala kipande cha chuma kilichokingama juu ya vidole. Mkono ulioushika haukuwa na hifadhi yoyote. Hifadhi ilitoka upande wa kushoto, katika ngao ndogo ya duara iitwayo turs, iliyotengenezwa kwa ngozi nene ya mnyama mkubwa kama kifaru au kiboko, ambayo upana wake haukuzidi sana upana wa sahani. Katika mashindano ya heshima yanayoambatana na razha, mchezaji hujaribu kukigusa kwa upanga kidole gumba cha kushoto cha mwenzake, yaani kidole cha mkono uleule unaoshika ngao. Na chaguo hilo la shabaha linaeleza kila kitu, kwa kuwa anayeguswa pale ameshindwa katika kiungo chenyewe cha kujilinda. Mtu aliyeuzoea mchezo huo akipewa epe ya kisasa, upanga wa vitara wenye kikombe kikubwa cha chuma kwenye mpini, angeshangaa kuona ngao yake imehamia kwenye mpini.

Aina nyingine ya kinga, isiyo na ngao kabisa, imo katika kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu na miji mingine ya pwani, ambamo watu wawili huingia uwanjani, ngoma na zumari vikipigwa, mmoja akapiga na mwenzake akakinga kwa fimbo yake. Fimbo moja hapa hufanya kazi zote mbili, kama upanga wa Agrippa. Huko Makunduchi, Unguja, wanaume wanaopambana katika sherehe za Mwaka Kogwa kila Julai hutumia mabua ya migomba, na mgomba hauna nguvu ya kuzuia kitu, hivyo kinga iliyobaki ni mkono na mbio. Bara la Afrika kwa jumla lina ushahidi wa kale zaidi: katika hekalu la Ramses wa Tatu huko Medinet Habu, Misri, lililojengwa katika karne ya 12 kabla ya Kristo, imechongwa michoro ya wapiganaji wa fimbo wanaoshindana mbele ya watazamaji, wakiwa na kibao chembamba kilichofungwa kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Kibao hicho ni ngao iliyopunguzwa hadi kubaki kile tu kinachohitajika.

Ulaya ilikwenda hatua moja zaidi, ikauondoa hata huo ubao. Katika karne ya 16 mkono wa kushoto wa mpiganaji wa Kiitaliano bado ulishika jambia au ngao ndogo, au ulizungushiwa joho ili kulisukuma pigo. Lakini kadiri upanga ulivyokuwa vazi la muungwana mjini, ambaye hangeweza kutembea barabarani na ngao mkononi, vitu hivyo viliachwa kimoja baada ya kingine. Kufikia mwisho wa karne ya 17, upanga wa Kifaransa ulikuwa umefupishwa na kufanywa mwepesi, na mkono wa kushoto ulikuwa mtupu, umenyanyuliwa nyuma kwa ajili ya mizani tu. Chuma kimoja sasa kilipaswa kuwa mkuki na ngao kwa zamu. Wepesi wake uliwezesha jambo ambalo upanga mzito ulilifanya kwa shida, yaani kupangua kwanza na kujibu baadaye, mapigo mawili yaliyotenganishwa, badala ya ule utaratibu wa kale wa kukinga na kuchoma kwa tendo moja. Hapo ndipo namba za Agrippa zilipobadilika maana. Zilikuwa namba za mgeuzo wa mkono. Zikawa namba za sehemu za mwili zinazofunikwa. Na kwa kuwa sehemu na namna za kuzifunika zilikuwa nyingi kuliko nne, Wafaransa wakaongeza ya tano, ya sita, ya saba na ya nane.

Nyongeza hizo hazikufanywa na mtu mmoja wala kwa siku moja, na vitabu vya wakati huo vinaonyesha lugha ambayo bado haijatulia. Domenico Angelo, Mwitaliano aliyefungua shule maarufu London na kuchapisha kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1763, bado aliita nusu duara tendo ambalo baadaye liliwekwa katika nafasi ya saba. Uhusiano wa namba na kiganja nao ulilegea: kinga ya tatu, ambayo kwa Agrippa kidole gumba chake kilikuwa juu, kwa Wafaransa ikawa ya kiganja kilichogeuzwa chini. Anayejaribu leo kuzipanga namba hizo kwa mantiki ya moja kwa moja, kuanzia juu hadi chini au kulia hadi kushoto, atajisumbua bure, kwa sababu nne za kwanza zina mantiki ya Roma ya mwaka 1553 na nne za mwisho zina mantiki ya Paris ya karne mbili zilizofuata.

Katika Paris hiyo aliishi mtu ambaye msomaji wa Afrika ana haki ya kumfahamu. Joseph Bologne, aliyejulikana kwa cheo cha Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, baba yake akiwa mmiliki Mfaransa wa mashamba na mama yake, Nanon, akiwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Alifunzwa upanga katika shule ya La Boëssière, akawa mmoja wa wapiganaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na wakati huohuo akawa mpiga fidla, mtunzi wa muziki na baadaye kanali wa kikosi cha wanajeshi weusi wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 9 Aprili 1787 alipambana mbele ya mrithi wa kiti cha Uingereza, katika kasri la Carlton House, London, na Mfaransa mwenzake, Chevalier d'Éon, aliyekuwa amevaa gauni, na tukio hilo lilichorwa na mchoraji Robineau. La Boëssière, mwalimu wake, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mbunifu wa barakoa ya waya. Mchango huo ulizigusa kinga moja kwa moja: kabla ya barakoa, adabu ya shule ilitaka mchezaji aliyepanguliwa apewe nafasi ya kujipanga upya, kwa hofu ya kutobolewa jicho; baada ya barakoa, mtu aliweza kupangua na kujibu papo hapo katika mistari ya juu, na mazungumzo ya chuma yakawa ya kasi inayojulikana leo.

Kasi hiyo ndiyo iliyoipa kinga ya sita kiti chake. Kinga ya tatu, kiganja kikiwa chini, ina nguvu, na katika upanga mzito nguvu ilitakiwa. Lakini mkono uliogeuzwa hivyo hauna wepesi wa vidole, na ncha yake huchelewa kumrudia mpinzani. Kwa floreti, upanga mwepesi wa mazoezi ambao kwa kanuni za sasa uzito wake wote hauzidi gramu 500, vidole viwili, gumba na cha shahada, hutosha kuiongoza ncha ikiwa kiganja kimeelekea juu. Katika karne ya 19 shule ya Kifaransa ikaiweka ya sita mahali pa ya tatu kama mkao wa kuanzia. Katika saberi, aina ya tatu ya mchezo, ambayo pigo la ubapa na ukingo linaruhusiwa na kichwa ni shabaha, ya tatu ilibaki na heshima yake, na ya tano ikapewa kazi ya kukilinda kichwa, upanga ukiwa umelazwa juu ya paji la uso.

Namna kinga inavyofanya kazi inategemea kanuni moja ya nguvu. Theluthi ya upanga iliyo karibu na mpini ni nene na ngumu, na theluthi ya nchani ni nyembamba na hujipinda. Anayepangua huipokea ncha dhaifu ya mwenzake kwa shina lenye nguvu la upanga wake, na kwa kuwa ncha hiyo iko mbali na mkono unaoishika, haina ukaidi, kama mlango unavyosukumwa kwa kidole kimoja ukiguswa mbali na bawaba. Ndiyo sababu mwalimu hukemea harakati kubwa. Mkono unaovuka kupita mpaka wa mwili umelinda hewa, na robo nyingine imeachwa wazi bila sababu. Katika floreti na saberi, kanuni humpa aliyepangua haki ya kujibu, kiasi kwamba wachezaji wote wawili wakigusana kwa pamoja, alama huenda kwa yule aliyekinga vizuri kisha akajibu. Katika epe haki hiyo haipo, mwili wote ni shabaha, na anayetangulia kugusa ndiye mwenye alama. Kwa hiyo katika epe kinga ya sita hulinda kwanza kile kilicho karibu zaidi na ncha ya adui, yaani kifundo cha mkono, nacho hufichwa nyuma ya kikombe kikubwa cha chuma kilichozunguka mpini.

Epe ndiyo silaha iliyolifikisha jina la Kenya katika mchezo huu. Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani kwa baba Mkenya na mama kutoka Poland, alipata medali ya fedha kwa upande wa Ujerumani katika mashindano ya dunia ya Cairo mwezi Julai 2022, kisha akachagua kuiwakilisha Kenya, na katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akawa mchezaji wa kwanza wa vitara wa nchi hiyo kufika Olimpiki. Alitolewa katika mpambano wake wa kwanza, lakini kabla yake hakuna aliyekuwa amefika hata hapo. Upande wa kaskazini mwa bara, Mmisri Alaaeldin Abouelkassem alikuwa ametwaa medali ya fedha ya floreti London mwaka 2012, medali ya kwanza ya Afrika katika vitara vya Olimpiki.

Mchezo unapoanza kufundishwa kwa vijana wa Afrika Mashariki, walimu watalazimika kuchagua lugha ya kufundishia, na ni vyema uamuzi huo ufanywe kwa makusudi. Majina ya Kifaransa ni namba, na namba hazina ugeni: kinga ya kwanza hadi kinga ya nane inatosha, na primu hadi oktavu zinaweza kubaki kwa ajili ya mashindano ya kimataifa, ambako waamuzi huendesha mpambano kwa Kifaransa. Kiswahili kinayo tayari maneno ya kukinga, kupangua na kujibu, kina ala, mpini, ncha na makali, na kina kitara chenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa, vyama vya michezo na waandishi wa habari za michezo wanaombwa wayasanifu maneno haya mapema, kabla kila klabu haijajitungia yake.